Kasuku wa Tshopo asifuate njia ya dodo

Waholanzi walifika kwenye kisiwa cha Morisi mwaka 1598 wakakuta dodo, ndege mkubwa asiyeweza kuruka. Mara ya mwisho mtu kuripoti kwamba amemuona ni mwaka 1662. Hata miaka 70 haikutimia! Mabaharia wenye njaa hawakummaliza peke yao: panya, nguruwe na makako walioletwa na meli walikula mayai yake yaliyolala chini. Katika visiwa vya Shelisheli, kasuku wa kijani aliuawa na wakulima waliokuwa wanalinda mahindi yao, na mwanzoni mwa karne ya 20 akawa amekwisha.

Hapa Kisangani utasikia watu wakisema: sisi hatuko kisiwani, msitu wetu hauna mwisho. Neno hilo ndilo linanitia wasiwasi. Mtegaji hazunguki msitu mzima akitafuta kasuku wa kijivu. Anamngoja pale makundi yanapokusanyika, anapaka ulimbo kwenye matawi, anafunga kasuku mmoja aite wenzake. Mahali pale pakimalizwa, msitu mkubwa haumsaidii kitu.

Wengi wanakufa kabla ya kufika kwa mnunuzi. Makadirio yanataja kati ya 30 na 66 kwa mia. Tena kasuku hazai kama kuku: mayai yake ni machache, na anayataga ndani ya tundu la mti mkubwa, miti ile ile inayotafutwa na wapasua mbao. Nchini Ghana, watafiti walikuta kwamba tangu mwaka 1992 kasuku hawa wamepungua kwa 90 hadi 99 kwa mia. Na Ghana si kisiwa.

Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES huko Johannesburg, mataifa yalikubali kufunga biashara ya kimataifa ya kasuku wa msituni. Kongo ilipinga. Mwaka 2025 hatimaye Kinshasa ilipiga marufuku kuwakamata na kuwauza. Ni vizuri, ingawa tumechelewa.

Lakini sheria hiyo inangoja watu wa hapa: wanaokagua mizigo kwenye bandari za mto na kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka. Wasiishie kumfunga kijana wa kijijini aliyepanda mti, ambaye ndiye anapata pesa kidogo kuliko wote. Wamtafute anayelipa tikiti ya vizimba, na yule anayemwandikia karatasi.