Nyama isiyo kwenye mgawo hulipiwa na pori

Mjadala wa kula nyama au kuishi kwa mboga huwahusu zaidi wenye uwezo wa kuchagua. Kasulu na Kibondo una sura nyingine.

Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori, lilitoa ripoti kuhusu kambi za wakimbizi za Kigoma na Kagera. Humo nyamapori iliitwa "mchicha wa usiku", kwa kuwa ilipikwa giza likishaingia. Mgawo wa chakula haukuwa na nyama; tegemeo lilikuwa mahindi na maharage.

Anayeacha nyama kwa hiari yake anastahili heshima. Mkimbizi wa Nyarugusu au Nduta hakuulizwa. Hata hivyo, wanyama wa Pori la Akiba Moyowosi ni mali ya Taifa, na ujangili ni kosa. Kumkamata mwenye ubao bila kugusa mgawo wake ni kutibu homa na kuacha malaria.

Dawa ni kitoweo halali: dagaa wa Ziwa Tanganyika, mbuzi na kuku wa wakulima wa wilaya hizo. Mkulima atapata soko, na pori litapumua.

Ni kweli fedha ni haba. Mwaka 2023 mgawo wa WFP ulishushwa hadi nusu. Lakini wafadhili wanaopanga bajeti ya wakimbizi popote nchini waelewe kuwa kitoweo wanachokifuta kwenye hesabu hakiachi kuliwa. Gharama yake huhamia porini.