Si Ujinga, ni Dhulma: Tusiwape Madhalimu Udhuru Wasioustahiki

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, Aliyeiharamisha dhulma juu ya nafsi Yake na Akaiharamisha baina ya waja Wake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Swahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, kila vinapotajwa vita vya Iraq vya mwaka 2003, iwe ni barazani baada ya Isha au hata juu ya mimbari, hakosekani wa kusema: "Bush alikuwa mjinga tu." Watu hucheka, na mazungumzo yakaishia hapo. Makala haya yanayapinga maneno hayo. Hatuyapingi kwa kumtetea aliyesemwa, hasha! Tunayapinga kwa sababu hayo ndiyo utetezi mkubwa kuliko wote aliowahi kutetewa, na wanaomtetea ni sisi wenyewe tuliodhulumiwa.

MJINGA HUSAMEHEWA

Kila aliyepita madrasa amesoma kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: mtoto mpaka abaleghe, aliyelala mpaka aamke, na mwendawazimu mpaka akili imrejee. Juu ya msingi huo mafakihi wamejenga kanuni kwamba taklifu hufuata akili. Mwenye akili pungufu hupunguziwa hesabu. Basi tunapomwita mtawala aliyeamrisha vita kuwa ni punguani, tunamfungulia mlango wa kutokea. Tunamwambia kadhi: huyu hakuelewa alitendalo, mwachie.

Na je, ni kweli hawakuelewa? Bush alisoma Yale, kisha Harvard. Tony Blair alisomea sheria Oxford. Condoleezza Rice, mshauri wa usalama wa Rais, alikuwa na shahada ya udaktari na aliwahi kuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa Chuo Kikuu cha Stanford. Paul Wolfowitz, naibu waziri wa ulinzi, alipata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Chicago. Ikiwa hawa ndio wajinga, werevu tuwatafute wapi?

WALIJUA NINI, NA LINI?

Tuziangalie tarehe, kwani tarehe hazina upendeleo. Mwezi Julai 2002 Blair alimwandikia Bush kwamba atakuwa pamoja naye kwa vyovyote vile. Waraka huo ulitolewa hadharani mwaka 2016 pamoja na ripoti ya tume ya Sir John Chilcot. Wakati anauandika, wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walikuwa hawajarejea Iraq. Walirejea Novemba 2002. Ahadi ilitangulia ushahidi.

Tarehe 28 Januari 2003 Bush aliliambia Bunge lake kwamba Saddam alitafuta madini ya urani barani Afrika. Iliyokusudiwa ni Niger, nchi ya Waislamu masikini, ambayo jina lake lilitumiwa kuuzia vita bila ya yenyewe kuulizwa. Tarehe 7 Machi Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, alilieleza Baraza la Usalama kwamba nyaraka za mauziano hayo zilikuwa za kughushi. Siku hiyo hiyo mkaguzi mkuu, Hans Blix, alisema kazi iliyobaki ingehitaji miezi tu, si miaka. Siku 13 baadaye mabomu yakaanza kuanguka Baghdad.

Na yale magari yenye maabara za sumu aliyoyaeleza Colin Powell mbele ya Baraza tarehe 5 Februari? Habari yake ilitegemea mkimbizi mmoja wa Kiiraki aliyekuwa Ujerumani, ambaye mwaka 2011 alikiri mwenyewe kuwa alisema uongo. Suratul Hujurat, katika aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari ya fasiki kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, tukaja kujuta. Wao walikuwa na setilaiti, majasusi na mabilioni ya dola, lakini hawakutaka kuhakikisha, kwani kuhakikisha kungewanyima walichokitamani.

Atakayesema walidanganywa na majasusi wao, tumwulize: mbona Robin Cook hakudanganyika? Alikuwa waziri katika baraza la Blair, na kabla ya hapo alikuwa waziri wa mambo ya nje. Alitoka chama kimoja na Blair na kuketi naye meza moja. Tarehe 17 Machi 2003 alijiuzulu na kulieleza Bunge kwamba Iraq huenda haikuwa na silaha za maangamizi kwa maana inayofahamika. Tofauti yake na wenziwe haikuwa wingi wa akili. Yeye aliona uzito wa damu ya watu, wao wakaona uzito wa maslahi yao.

Mwaka 2004 wakaguzi wa Marekani yenyewe waliripoti kwamba ghala za silaha hizo hazikuwapo. Mwezi Machi mwaka huo, katika dhifa ya waandishi wa habari mjini Washington, Bush alionesha picha akichungulia chini ya samani za ofisi yake, akifanya mzaha kwamba anazitafuta silaha. Ukumbi ukacheka. Nasi barazani tunacheka. Baghdad walikuwa wakizika.

AKILI NI KAMBA

Katika lugha ya Kiarabu neno akili ni ndugu wa neno iqali, kamba anayofungwa ngamia asipotee. Wanazuoni wetu hawakuipima akili kwa vyeti wala kwa ufasaha wa ulimi, bali kwa kumzuia mtu asivuke mipaka ya Mola wake. Ibilisi hakukosa hoja alipokataa kusujudu, alikosa kizuizi. Kwa kipimo hiki, mwerevu asiye na kamba ni hatari kuliko mpumbavu, kwa kuwa mpumbavu hajui njia ya kufika mbali.

Na tuitazame Sira. Mwaka wa 8 Hijria, baada ya kufunguliwa Makka, Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin Walid (r.a.) kwa Bani Jadhima. Watu wale hawakuweza kutamka vizuri kwamba wamesilimu. Wakasema neno jingine lenye maana ya kuacha dini ya zamani. Khalid hakulikubali, na baadhi yao wakauawa. Habari ilipomfikia, Mtume hakumtafutia jemadari wake kisingizio, wala hakusema kwamba vita havikosi makosa. Aliinua mikono akajitenga mbele ya Mola wake na kitendo kile. Kisha, kama wanavyosimulia waandishi wa Sira, akamtuma Ali (r.a.) na mali kulipa diya za waliouawa na fidia ya vilivyoharibika, hata chombo cha kunyweshea mbwa.

Pima, ewe msomaji! Hapa kosa la kufahamu neno moja linalipiwa mpaka chombo cha mbwa. Kule, kwa hesabu ya waliojitolea kukusanya taarifa za vifo, raia zaidi ya 180,000 wameuawa kwa silaha tangu mwaka 2003, na waliovianzisha vita hivyo wameandika vitabu vya kumbukumbu na kuviuza.

KAMBA HIYO HIYO NA ITUFUNGE SISI

Watasema wengine: Saddam naye alikuwa dhalimu. Naam, alikuwa dhalimu. Aliivamia Iran mwaka 1980, akawaua Wakurdi wa Halabja kwa sumu mwaka 1988, akaivamia Kuwait mwaka 1990. Waislamu waliomshangilia kwa sababu tu aliichukia Marekani walikosea. Lakini Desemba 1983 Donald Rumsfeld alikwenda Baghdad kumpa mkono, na vita vya Iran vingali vikiendelea. Dhulma ya Saddam haikuwaudhi wakati ilipowanufaisha.

Na tuseme kweli hata ikiwa chungu. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 yalilipuliwa mabomu Nairobi na Dar es Salaam kwa jina la kuipiga Marekani. Wakafa watu zaidi ya 200, wengi wao Waafrika waliokwenda kazini au wapita njia, Waislamu wakiwamo. Waliopanga nao hawakuwa wajinga. Walipanga kwa werevu mkubwa. Anayeilaani Baghdad na kuinyamazia Nairobi hana msimamo wa dini, ana ushabiki. Abubakar (r.a.) alipomwaga Yazid bin Abi Sufyan na jeshi lake alikataza kuuawa mwanamke, mtoto na mzee, na kukatwa mti wenye matunda. Hakusema katazo hilo ni kwa majeshi ya wengine tu.

Kwa hiyo, ndugu Waislamu, mtawala yeyote anapotuita vitani, wa mbali au wa kwetu, tuache kumpima kwa wepesi au uzito wa ulimi wake. Tumwulize: habari hii imehakikishwa na nani? Uamuzi umetangulia ushahidi au umeufuata? Na wakiuawa wasio na hatia, nani atalipa diya? Maimamu na wayaulize maswali haya juu ya mimbari, na walimu wayafundishe madrasa, ili watoto wetu wakue wakijua kwamba dhalimu haitwi mjinga. Anaitwa dhalimu, na anangojewa na Hakimu Asiyedanganyika.

Wabillahi Tawfiq.