Kumkunja Si Kumvunja

Mara ngapi tumesema, “Mwalimu, mchape huyu mtoto ashike adabu”? Kauli hiyo yatupasa kuipima upya. Hapa Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa. Hata hivyo, fimbo bado zimo katika baadhi ya shule, na zile zinazofadhiliwa na Kanisa zisijihesabu salama bila kujichunguza.

Mtoto achapwaye hujifunza kuogopa, si kuheshimu. Humwamkia mwalimu kwa unyenyekevu, kisha humwonea mwenziwe mdogo nyuma ya darasa. Adabu humwingia moyoni anapomwona mwalimu akifika kwa wakati, akimsikiliza aliyeshtakiwa kabla ya kuhukumu, na akiomba radhi akikosea.

Wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi. Lakini kumkunja si kumvunja. Basi wazazi na viongozi wa jumuiya, tuulize katika mkutano ujao wa shule: watoto wetu huadhibiwaje? Nasi nyumbani, twawaonyesha mfano gani?