Mkulima ana haki ya kujua afya ya benki yake
Na Elinami Shayo

Januari 2018, mwezi wa ada za shule, Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano kwa mpigo. Miongoni mwao ilikuwamo Meru Community Bank ya majirani zetu wa Arusha, pamoja na Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera. Sababu ilikuwa mtaji kuwa chini ya kiwango kinachotakiwa. Hapa Moshi, Kilimanjaro Cooperative Bank nayo ilipewa hadi Juni mwaka huo iwe imeongeza mtaji, la sivyo ingefuata njia hiyohiyo.

Walikuwapo waliolalamika kwamba Benki Kuu inaua ushirika. Siungi mkono hoja hiyo. Benki hukopesha fedha za wateja wake. Mkopaji akishindwa kulipa, hasara huanza kula mtaji wa wanahisa. Mtaji ukiisha, inayoliwa ni akiba ya mwananchi. Ndiyo maana msimamizi haulizi benki ni ya nani wala ina historia gani. Anauliza mtaji umebaki kiasi gani na mikopo chechefu imefikia wapi. Kuionea benki huruma kwa sababu ni ya wanyonge ni kuwaacha wanyonge haohao wabebe hasara.

Tumtazame mkulima wa Kibosho. Anachuma kahawa, anaimenya, anaianika, anaipeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika wa mazao (AMCOS) na kupewa malipo ya awali. Baada ya mnada ndipo anangoja malipo ya pili, ambayo keshayapangia ada, mbolea na matibabu. Fedha hizo zikikwama ndani ya benki iliyofungwa, mwaka mzima wa familia umekwama. Mwaka 2018 Bodi ya Bima ya Amana ilimlinda mteja hadi Sh1.5 milioni tu. Kilichozidi hapo kilisubiri mfilisi auze mali na kukusanya madeni. Leo kinga hiyo imepandishwa hadi Sh7.5 milioni, na ni hatua ya kupongezwa.

Benki yetu ya Kilimanjaro ilinusurika. CRDB iliingia kama mbia, mtaji ukapatikana, na Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma Benki ya Ushirika Tanzania, iliyojengwa juu ya msingi huo wa Moshi. Kwa mkoa ulioanzisha chama kikuu cha ushirika cha KNCU tangu 1933, hilo ni jambo la fahari. Lakini ni ushahidi pia kwamba kubanwa mapema, kwa tarehe inayojulikana, kunaweza kuokoa benki.

Kasoro ninayoiona ipo kwingine. Benki zinatakiwa kuchapisha hesabu zao magazetini kila robo mwaka, na mara nyingi huchapishwa kwa Kiingereza, katika majedwali yenye maandishi madogo. Mama wa Uru mwenye akiba yake humo atajuaje kama mtaji unapungua? Menejimenti inajua, wakaguzi wanajua, Benki Kuu inajua. Mwenye fedha anajua siku anapokuta mlango una kufuli.

Naiomba Benki Kuu iagize kila benki itoe muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja kila robo mwaka: mtaji uliopo na unaotakiwa, kiwango cha mikopo chechefu, na kiasi cha amana kinacholindwa na bima. Ubandikwe katika kila tawi, kwa mawakala na kwenye ofisi za AMCOS, pale wakulima wanapopimia kahawa. Nasi wanachama tusikae kimya kwenye mikutano mikuu tukisubiri kuuliza gawio peke yake. Tuulize mtaji kwanza, maana benki isiyo na mtaji wa kutosha ikitoa gawio inapunguza kile kinachokinga akiba zetu.

Usimamizi wa Benki Kuu unaendeshwa kwa ajili ya mwenye akiba. Basi naye apewe taarifa mapema, kwa lugha anayoisoma, angali ana nafasi ya kuamua fedha zake zikae wapi.