Msituambie Atasomewa

Kila vitabu teule vya fasihi vinapobadilishwa hapa Kenya, sisi watu wa vitabu hatulali. Fulani kapendelewa, fulani kaachwa, riwaya hii ngumu, tamthilia ile nyepesi. Mabishano matamu, nami huyapenda. Lakini katika kelele zote hizo, nani huuliza mwanafunzi asiyeona atakipata lini kitabu chenyewe kwa breli?

Wachapishaji ukiwauliza watakutajia haki miliki. Haki miliki gani? Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017, unaruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala za wasioona bila kumwomba ruhusa mwenye kitabu. Kisingizio hicho kilishakufa. Kilichobaki ni uchoyo, au uvivu tu. Mkataba haumlazimishi mchapishaji kutoa faili ya kompyuta, basi anaikalia, na mtu mwingine anaanza kuskani ukurasa mmoja mmoja na kusahihisha makosa ya mashine, ndipo aigeuze breli. Na faili ilikuwapo tangu mwanzo!

Halafu kuna wenye huruma: "Si atasomewa tu?" Jamani. Chukueni shairi la arudhi. Kidole kikipita juu ya nukta, msomaji anajua mshororo umeishia wapi, kina cha kati kiko wapi, neno limeandikwaje. Akitaka kurudi ubeti wa pili anarudi, hamwombi mtu. Anayesomewa hulipokea shairi kwa haraka ya mwenzake, na mwenzake akichoka, fasihi ya siku hiyo imekwisha. Kisha kwenye mtihani anatakiwa aendeleze sawasawa maneno ambayo hajawahi kuyagusa. Vitabu vya sauti ni vizuri, mimi mwenyewe huvisikiliza ndani ya matatu, ila mimi nilifundishwa kusoma kwanza.

Wala jambo hili si geni. Shule ya wasioona ya Thika ilianza 1946. Katiba ya 2010 inaitaja breli kwa jina, Kifungu cha 7.

Waandishi, kabla hamjatia sahihi, daini kipengele kimoja: siku kitabu kinapokwenda kiwandani, faili iende pia kwa wanaotengeneza breli. Nasi wahakiki tuache kusifia riwaya yenye mhusika kipofu "jasiri" bila kuuliza kama kipofu anaweza kuisoma. Kuanzia sasa, kila kitabu nitakachohakiki hapa nitamuuliza mchapishaji wake swali hilo, na jibu lake nitaliandika. Akinyamaza, nitaandika kwamba amenyamaza.