Hiyo Okidi Hujaiokoa, Umeiiba

Wasee, hii nitaisema hata kama nitapoteza wafuasi. Kila nikifungua simu siku hizi naona mtu anatuonyesha okidi ya msituni, imefungwa na waya kwenye kibao, iko balkoni ya ghorofa ya nne, na maneno ni yale yale: "Nimeiokoa." Kutoka kwa nani?

Na kabla uniambie ilikuwa inanyonya mti, hapana. Okidi imekaa pale juu tu, kama makanga aliyening'inia mlangoni. Hanywi petroli ya gari. Mizizi yake inakunywa mvua na umande, chakula inajipikia na jua.

Chukua hizi Aerangis, zile za maua meupe za misitu ya nyanda zetu za juu. Nyuma ya ua kuna mrija mwembamba, kwa aina zingine ni mrefu kuliko kidole chako, na nekta imejificha chini. Nyuki hafiki. Giza likiingia ndiyo ua linaanza kunukia kabisa, halafu anakuja nondo mkubwa mwenye ulimi mrefu, anapepea hapo mbele na kusukuma ulimi ndani. Dino Martins na Steven Johnson walizichunguza hapa hapa Kenya, wakachapisha 2007: utamu wa nekta unaongezeka kadiri unavyoshuka kwenye mrija. Yaani nondo analipwa vizuri akisukuma mpaka mwisho, na akisukuma hivyo ndiyo chavua inamganda, inasafiri naye mpaka ua lingine.

Bado hujamaliza. Mbegu zenyewe ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula. Lazima zitue penye kuvu ya kuzilisha, la sivyo hazioti.

Sasa niambie, ni nondo gani atapanda lifti mpaka kwako? Okidi yako itachanua, itanukia usiku mzima kando ya taa ya sekyuriti, tutakupa like zetu, maua yanyauke bila mbegu hata moja.

"Lakini tawi lilikuwa limeshaanguka." Hiyo naikubali, kama ni ukweli, kwa sababu okidi ikiachwa chini huoza. Lakini basi ifunge kwa mti wa jirani pale pale, karibu na nondo wake. Na angalia vizuri kile kipande cha tawi unachouziwa kando ya barabara. Upepo haukati na msumeno. Niliwahi kumuuliza muuzaji mmoja matawi yake huanguka aje kila wikendi. Alicheka, akaniuliza nataka mangapi.

Ukitaka okidi nyumbani, kuna zile za supamaketi zenye maua makubwa ya pinki. Hizo zimezalishwa kwenye vitalu, hakuna msitu umepunguzwa. Nunua hiyo, post, like ya kwanza itakuwa yangu. Hii ya kibao, zii.