Shoo ya Kuazima

Wiki hii nimekuwa nikilifikiria gari la Jenerali George Patton wa Marekani: Cadillac Series 75 ya 1938, bonge la gari lenye injini ya V8, lililotunzwa miaka mingi katika jumba la makumbusho la Fort Knox, Kentucky. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha. Jumapili ya tarehe 9 Desemba 1945, karibu na Mannheim, Ujerumani, Patton alikuwa akienda kuwinda ndege pale lori la jeshi lilipokata kona mbele ya gari lake. Mwendo wenyewe ulikuwa mdogo. Wenzake walitoka na michubuko; yeye, kule kiti cha nyuma, alirushwa mbele akavunjika shingo. Alifariki Heidelberg tarehe 21, akazikwa Luxembourg pamoja na askari wake.

Gari nalo? Likanyooshwa, likarudi kazini. Pua iliyobondeka ilibadilishwa kwa vipuri vya Cadillac ya 1939, hivyo ukilitazama kwa mbele unaona shoo ya mwaka mwingine. Wapenzi wa uasilia hukunja uso. Mimi naona shoo hiyo ya kuazima ndiyo kovu la ajali, na heri iachwe hapohapo.

* * *

Kinachonikera ni kromu. Februari 1942 Cadillac waliacha kuunda magari ya raia, wakageukia vifaru. Kifaru chepesi cha M5 kilisukumwa na injini mbili za V8 za Cadillac, na giaboksi zake zilikuwa za otomatiki. Magari ya mwisho ya raia yalitoka na urembo uliopakwa rangi tu, kwa sababu kromu ilihitajika vitani. Leo tajiri analipata gari la namna hiyo, analivua lote, kisha analing'arisha kwa kromu kila pembe. Bei inapanda, sawa. Lakini ule ukata wa wiki chache, uliolifanya liwe adimu, fundi ameshaukwangua kwa msasa. Ningekuwa mwamuzi wa maonyesho, ningemkata alama bila huruma.

* * *

Lincoln ya Rais Roosevelt, ya 1939, iko Dearborn, Michigan. Baada ya shambulio la Pearl Harbor ilirudishwa kwa mafundi, ikavishwa mabamba ya chuma na vioo vya kuzuia risasi. Walipokuwa wameshaifungua, wakaifunga na shoo ya 1942. Hiyo hata wapenzi wa uasilia wanaipita kimya. Pengine cheo cha abiria kinasaidia.